Karakana Isiyo na Kufuli

Muda wote aliofundisha ufundi wa mbao katika sekondari ya mji wetu, Mwalimu Chaki hakuwahi kumwona mwanafunzi akishika randa. Si kwamba shule haikuwa nazo. Zilikuwapo, mpya, zimepakwa grisi na kulazwa kabatini kama maiti za wafalme, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mkuu wa shule, aliyeamini kwamba zana ikitumika huharibika. Hoja hiyo haina jibu. Basi mwalimu alichora: msumeno ubaoni, tindo ubaoni, randa ubaoni, kwa ustadi uliompa lile jina. Wanafunzi wakafaulu nadharia vizuri sana. Hadi leo watakutajia sehemu zote za randa bila kukosea. Wakitaka kabati, hununua.

Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye aliomba chumba cha mji kilichokuwa ghala la viti vibovu, akakijaza zana alizonunua mwenyewe, akakifanya karakana ya wote: atakaye aje, achukue zana, ajitengenezee. Kanuni ilikuwa moja tu, hakuna kufuli. Na kwa kuwa mkono hauachi ulichozoea, alichora ukutani kwa rangi ya buluu umbo la kila zana mahali pake, ili arudishaye ajue pa kutundika.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyepata uenyekiti wa karakana kwa sababu ndiye aliyekuja na kiti, alimwonya mapema.

"Shemeji, watu wa hapa nawajua. Bila kufuli utabaki na misumari ya kutundikia."

"Waache wachukue."

"Watachukua! Kuchukua hakuhitaji semina."

Wakachukua, kwanza kwa haya, kisha kwa mazoea. "Naazima mara moja," walisema, na mara moja kwetu ni muda ambao mwisho wake haujawahi kushuhudiwa. Milango iliyolia tangu tukiwa watoto ikanyamaza. Mshona viatu akajiundia benchi lenye miguu iliyolingana, jambo ambalo wateja wake waliliona kuwa maringo. Mji mzima ukawa unagongagonga. Mahali pekee palipokuwa kimya ni karakana.

Hapo ndipo afisa majengo wa mji alipotangaza kwamba anakuja kukagua. Chumba kisichotumika kingerudi kuwa ghala. Viti vibovu, ilisemekana, vimezaana.

"Pita uzikusanye, shemeji, hata kwa asubuhi moja," mwenyekiti alimsihi. "Kaazime zana zako mwenyewe!"

"Nimnyang'anye mtu msumeno katikati ya ubao ili uje kutazamwa? Zana za kutazamwa nimezifundisha maisha yangu yote."

Afisa akaja na viatu vinavyong'aa, akasimama mbele ya ukuta.

"Mwalimu, chumba hiki hakitumiki."

"Kinatumika mno. Ndiyo maana hakina kitu."

"Mimi naona picha tu."

"Niulize picha yoyote."

Afisa akanyoosha kidole kwenye msumeno.

"Huo uko kwa fundi majeneza."

"Na randa?"

"Kwa mama mshona sare. Meza yake ilikuwa ikiyumba."

Kidole kikahamia kwenye drili. Mwalimu akatazama dari.

"Hiyo hujui iliko?"

"Najua."

"Sasa?"

Mwenyekiti akakohoa kikohozi cha mtu anayejitoa mhanga. "Mheshimiwa, drili iko kwako. Mama watoto anatundika mapazia."

Afisa akashusha kidole.

"Ile yenye utepe mwekundu?"

"Hiyohiyo."

"Mbona nilijua ni ya kaka yake!"

"Hata kaka yake anajua hivyo. Juzi alikuwa anaiulizia."

Afisa ni mtu wa haki. Aliona si vizuri kukiita kitupu chumba ambacho sehemu yake iko sebuleni kwake. Lakini afisa hawezi kuondoka bila kuacha sharti. Ingeonekana kama alikuja kutembea.

"Chumba mtabaki nacho," alisema. "Ila mtie kufuli. Mali isiyo na kufuli haijulikani kama ni mali."

"Na drili, mheshimiwa?"

"Mapazia bado."

Mwalimu alikubali upesi kiasi cha kumtia mwenyekiti wasiwasi. Jioni hiyohiyo alifunga mlango kwa kufuli jipya, akapigilia msumari kando yake, akatundika ufunguo hapo, nje, mbele ya macho ya wapita njia. Kisha akachukua brashi na kuchora mistari ya buluu kuvizunguka vyote viwili.

"Shemeji! Huko ndiko kufunga?"

"Amesema tufunge. Hakusema tumfungie nani."

Asubuhi mlango ulikuwa wazi, na kando yake palikuwa na michoro miwili. Baadaye tulipata habari kwamba kufuli na ufunguo wake vimeazimwa na mkuu wa shule mstaafu, kwa ajili ya banda lake la kuku. Mara moja tu.