Nilimwambia Ajibu Hapana

Admin, nifiche jina, Sumbawanga tunajuana. Nina miaka 43, nauza mboga Kizwite. Nilifungwa miaka minne kwa kumjeruhi mke mwenzangu, na huko gerezani nikawa nyapara wa wanawake. Nikisema kaeni, wanakaa.

Akaletwa binti wa Mwimbi, nimwite Skola, na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Alikuwa anashika sahani ya ugali mpaka unapoa, mtoto analia, yeye anaangalia ukuta tu. Nepi za mtoto nikawa nafua mimi.

Siku moja alikuja nesi na karatasi ya maswali, akawa anatuita mmoja mmoja. Unapata usingizi? Unajiona huna maana? Unatamani kufa? Skola akanifuata kabla hajaitwa, akaninong'oneza, "Dada, yote hayo ninayo. Nimwambie?"

Nikamwambia, "Ukisema ndiyo wanakuandika kichaa, na kichaa haachiwi mtoto. Jibu hapana yote."

Hakuna aliyenituma. Yalikuwa maneno ya wafungwa, mimi nikayafanya sheria. Skola aliingia, akatoka haraka. Wawili waliojibu ndiyo wakaanza kuonana na nesi kila wiki, na mmoja wao alikuwa na mtoto, hakunyang'anywa. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Lakini nyapara mzima nikamwambie binti mdogo kwamba nilikosea? Nikanyamaza. Baada ya miezi miwili Skola aliacha kula kabisa. Alipopelekwa hospitali hali ilikuwa imeshaharibika. Hakurudi.

Mimi nilitoka mwaka jana. Juzi mama yake Skola amenifuata kutoka Mwimbi, amebeba mfuko wa ulezi, na mjukuu anamshika kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Skola aliniambia wewe ndiye ulikuwa unamfulia. Nataka umsimamie huyu mtoto ubatizo. Mimi nimezeeka, hana mwingine." Kisha akauliza, "Lakini huko ndani hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mwanangu anaumwa?"

Nilimjibu, "Sijui, mama." Akanishukuru.

Ubatizo ni Jumapili ijayo. Nikimwambia ukweli, yule mama atarudi Mwimbi na kidonda kipya, na mtoto atakosa hata mimi. Nikikaa kimya, nitasimama mbele ya padri nimempakata mtoto wa Skola, naitwa mama yake. Kula kumenishinda, kusali kumenishinda. Ninyi mnaosoma, hata mkinitukana sawa, ila mniambie: Jumapili niende, au nimwambie kwanza?