Kaza na Baiskeli ya Viti Viwili

Mdogo wangu alipofuka macho kwa surua akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na tisa. Tangu siku hiyo mimi ndiye macho yake, na sikumruhusu mtu kuninyang'anya kazi hiyo, hata marehemu mkewe, ambaye tulivutana naye miaka kumi na miwili juu ya nani amshike mkono kuvuka barabara. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwa changu hakijapoteza kitu. Nikisema mlangoni kwa baba palikuwa na mawe matatu, basi yalikuwa matatu.

Watu wanamwita Kaza. Ni msuka viti vya henzirani, zile fito nyembamba zinazopindika. Huivuta ile henzirani mpaka inalia, anajiambia taratibu, "Kaza," ndipo anafunga. Kiti kikiisha hukikalia mwenyewe kwanza, anayumba kushoto, anayumba kulia. Kisha ananipa mimi nikipake polishi, maana kung'arisha ni kazi ya mwenye macho. Zaidi ya miaka arobaini tumeishi hivyo katika chumba chetu cha mbele, yeye anakaza, mimi nang'arisha. Hakuna kiti chetu kilichowahi kurudishwa.

Basi siku moja akaja Nesi wa zahanati, mwanamke wa miraba minne aendaye kazini kwa baiskeli. Alileta kiti kilichotoboka, akakaa kupiga soga.

"Mzee Kaza, Jumamosi tunaendesha baiskeli kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi. Si mashindano. Mzee yumo, mwenye mguu mmoja yumo, na atakayechoka atabebwa na pikapu."

"Na asiyeona?" Kaza akauliza.

"Asiyeona anakaa kiti cha nyuma, anakanyaga. Kuona nitaona mimi kwa niaba ya wote wawili."

Neno hilo lilinichoma, nisiseme uongo.

"Dada, unasemaje?" Kaza akaniuliza.

"Nasema utavunjika."

"Kwa umri huu? Hata nikivunjika, Dada, nitavunjika kidogo tu. Sehemu kubwa imeshakwisha."

Wakacheka wawili hao. Mimi sikucheka. Kuna maneno mtu hapaswi kuyatamka akiwa ameketi salama.

Fundi baiskeli alikuwa na baiskeli kuukuu ya viti viwili, akaifufua. Ijumaa mchana aliileta, akaipandisha barazani, akazungusha gurudumu na kubana breki. Ikalia kwii.

"Bibi, hii imekamilika. Isiguswe mpaka kesho."

Nikadhani anawasema watoto wa jirani. Alipoondoka niliitazama vizuri. Fremu ilikuwa safi, lakini ringi zilikuwa na ukungu wa kutu. Nikajiuliza, mdogo wangu apite mbele ya watu wote na magurudumu ya namna hii, watasema nini? Nyumba hii ina mwanamke au haina? Nikachukua kitambaa na lile kopo la polishi ya viti. Nikasugua ringi ya mbele, nikasugua ya nyuma, nikarudia zote mbili mpaka nikauona uso wangu. Kaza alikuwa hapo hapo mlangoni akisuka. Chumba chetu hunuka polishi mwaka mzima, angejuaje?

Asubuhi Nesi aliisukuma hadi zahanati, ambayo ni nyumba ya tano kutoka kwetu. Watu walikuwa wamejaa. Fundi cherehani mwenye mguu mmoja alikuja na baiskeli yake ya kuzungusha kwa mikono, mwenye duka la viatu akaja na tumbo lake. Mama mmoja akaniambia, "Mama, baiskeli yenu inang'aa kama sahani ya bibi harusi." Nikavimba kichwa. Jua lilikuwa zuri, upepo hakuna, na sikusikia hata ndege wa mkosi.

Kaza alipanda, akaweka miguu kwenye pedali, akainamisha sikio. Nesi akabana breki kujaribu.

"Breki haisemi," Kaza akasema.

"Breki gani tena inasema, Mzee?"

"Jana ilisema. Leo kimya."

"We naye," nikamwambia. "Mwache Nesi aendeshe, kazi yako ni kukanyaga."

Nayakumbuka maneno yangu kama yalivyotoka, na mahali niliposimama nilipoyatoa.

Pikapu ilikuwa nyuma ya msafara. Mimi nilipakiwa na kiti changu cha henzirani, nikakaa kama mkuu wa wilaya, fundi baiskeli pembeni yangu na sanduku lake la vyuma. Njia ilikuwa tambarare hadi kwenye tangi la maji. Hapo barabara inapanda kilima, na ng'ambo ya kilima inashuka moja kwa moja hadi darajani.

Kwenye tangi tulimkuta mwalimu mmoja amesimama, breki zake hazishiki. Fundi akashuka, akapitisha kidole kwenye ringi, akakinusa.

"Nani kapaka mafuta hapa?"

"Wanangu waliipangusa jana. Walitaka ipendeze."

"Ringi haipakwi kitu, Mwalimu. Mpira wa breki ukikuta utelezi, umekaa tu kama pambo. Ungefika ule mteremko, tungekuokota mtoni."

Watu wakacheka. Mwalimu akacheka pia, akaomba petroli kidogo afutie. Yule mama wa sahani ya bibi harusi alikuwa hapo hapo na baiskeli yake, ananitazama. Nikaukunja ulimi wangu nikauhifadhi. Juu kilimani nilimwona mdogo wangu, mgongo wake mweupe wa shati, anakanyaga kwa raha. Nikajiambia, bado wanapanda, wanakwenda polepole, nitamwambia fundi tukiwa wawili.

Pikapu ikaondoka.

"Fundi," nikasema.

"Naam, Bibi."

"Hapana, nilitaka kujua saa."

Akanitajia. Mama yetu alikuwa akisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha tangu kwenye tangi hadi kwenye kona ya pili, na lile shati jeupe likafika kileleni, likazama.

"Fundi, ringi zao nilizipaka polishi mimi."

Akapiga paa la pikapu kwa ngumi, dereva akashika honi, hakuiachia.

Tulipofika kileleni walikuwa wameshafika katikati ya mteremko, na baiskeli ilikuwa inakimbia bila wao kukanyaga. Nesi alikuwa amechomoa miguu yote miwili, viatu vinaburuzwa barabarani. Mbele ya daraja, kushoto, wajenzi walikuwa wamemwaga rundo la mchanga. Akaipeleka humo. Nilimwona mdogo wangu anapita juu ya mabega ya Nesi kama gunia.

Nesi alichubuka magoti. Kaza alikuwa ameketi mchangani, mkono wa kulia umepinda pasipostahili kupinda.

"Nisogezeni kwenye gurudumu," akasema.

Akaligusa kwa mkono wa kushoto, akanusa vidole.

"Dada, hii ni ya viti vyetu."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema, "Sasa hivi." Fundi alikuwa ananitazama.

"Kwenye tangi la maji."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei.

Mkono uliunga vibaya. Siku hizi anaelekeza kwa mdomo na mimi ndiye ninayevuta henzirani. Ananiambia kaza, nakaza mpaka vidole vinachanika, na bado viti vinalegea. Viwili vimesharudishwa. Hajanigombeza hata mara moja, wala hajanitaja kwa mtu.

Ila alinunua fimbo. Miaka yote hakuwahi kuwa na fimbo. Juzi tulitoka kwenda zahanati, nimemshika mkono kama kawaida, nikamwambia, "Mbele peupe, twende."

"Asante, Dada," akasema. Kisha akanyoosha fimbo mbele yangu, akapapasa ardhi kwanza, ndipo akainua mguu.