Tuta la Tatu Kisimani

Mume wetu ni mtu wa haki, na haki yake imetuchosha sote. Akinunua kanga Kilindoni hununua doti mbili za rangi moja na maneno yale yale, mimi na mke mwenzangu tukaenda harusini kama askari wa zamu. Akinywa chai kwangu humaliza kikombe. Akinywa kwa mwenzangu humaliza kikombe. Tangu aoe mke wa pili sijamsikia akisema chai ya nani tamu. Anaogopa kufufuliwa ubavu mmoja umelala, kama mume aliyependelea mke mmoja, na katika ndoa yetu woga huo umefanya kazi kubwa kuliko mapenzi.

Alipoanza kupumzika njiani akienda msikitini, alituita mimi na mwenzangu akasema kile kipande cha shamba cha kisimani atakitoa hiba angali hai. Nilijua pale pale kwamba ndicho nilichokuwa nikikisubiri. Mwenzangu ana watoto wanne, mimi sina. Mume mwenye watoto akifa, mke hupata thumni, sehemu moja ya nane, na wake wawili hugawana thumni hiyo hiyo. Kinachobaki kingi ni cha watoto, na wale si wangu, ingawa nimewapakata wote na mmoja wao bado ananiita mama akitaka kitu. Hata nyumba ninayolala ingekuwa yao. Kipande cha kisimani kilikuwa uzee wangu. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nilipoacha kutaka mtoto.

Mwanamume mwingine angekata kauli, yakaisha. Wetu hakuweza. Kumpa mmoja na kumnyima mwingine ni dhulma, na kukigawa ni kukiua, kwa kuwa ni kidogo na kisima kiko kwenye kona yake moja. Akasema atampa yule atakayekitumia vizuri zaidi, na kwamba hilo litapimwa.

La kupima lilikuwepo, maana tulikuwa tukibishana juu yake kila siku. Sisi huku Kirongwe tunalima mchicha, na mimi na mwenzangu tunaunywesha chai ya mboji. Mboji iliyoiva inafungwa kwenye kiroba, kiroba kinaning'inizwa ndani ya maji, unatia sukari guru kidogo, unapitisha hewa mchana kutwa ili vijidudu vyema vizaane, kisha unaenda kumwagilia. Ugomvi ulikuwa juu ya hiyo hewa. Mimi nilikuwa na pipa na kasia kuukuu la ngalawa, nikikoroga kwa mkono. Mwenzangu alikuwa na ndoo na pampu ndogo ya sola aliyoletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam. Ilipuliza mapovu kama sufuria ya maziwa, na povu lake lilikuwa zito, likikauka linaacha utando mweupe juu ya udongo. Watu walikuja kulitazama lile povu. Kasia langu halikuwahi kupata mgeni.

Basi tukakaa barazani kupanga jaribio la haki, watu watatu tusioaminiana. Mwenzangu alitaka tuta lake liwe upande wa minazi. Nikasema kivuli si pampu. Mume wetu akaamua matuta yote yawe pale kisimani, juani, upana mmoja, mbegu za mkono mmoja. Mboji ilichukuliwa rundo moja, naye akaichanganya kwa koleo mpaka jasho likamtoka, ndipo akaigawa. Pipa langu lilikuwa kubwa kuliko ndoo ya mwenzangu, kwa hiyo tulipimiana kopo kwa kopo, mboji, maji na sukari, na tukaanza pamoja baada ya alfajiri.

Tulikwama kwenye wingu. Wingu likipita, pampu inazimika. Mwenzangu akasema ikizimika, na mimi niweke kasia chini, ndiyo haki.

"Na mimi mkono ukichoka," nikamwambia, "nawe utaizima pampu yako?"

Mume wetu alifikiri mpaka kahawa ikapoa. Akasema wingu ni tabia ya pampu na mkono kuchoka ni tabia ya kasia, na mtu huoa na tabia. Tunachosawazisha ni vilivyo nje ya chombo, si chombo chenyewe. Ni neno zuri kuliko yote niliyopata kumsikia akisema, na hakulisema kwa ajili yangu.

Kumwagilia alipewa yeye. Kila mmoja alijaza chai yake kwenye dumu la njano, madumu yote ya aina moja, na tukaweka alama chini ambako asingeangalia. Niliogopa ataijua yangu kwa harufu. Kisha nikakumbuka vile vikombe vyote alivyomaliza bila kusema neno, nikatulia. Kama yupo mtu kisiwani aliyejizoeza kutojua, ni yeye.

Tuta la tatu lilikuwa wazo langu. Nilisema lazima liwepo moja lisilopata chai yoyote, linywe maji matupu, maana bila hilo hatutajua kama chai zenyewe zinafaa kitu au tunajichosha tu. Mume wetu hakulipenda.

"La nani hilo?"

"Si la mtu," nikasema.

"Hakuna kitu kisicho na mwenyewe."

"Hili halina. Kazi yake ni kukosa."

Likapandwa katikati, na kila mume wetu alipomaliza kuyapa mawili ya pembeni, alilimwagia maji ya kisima haraka haraka, akitazama kando.

Mchicha ulipofaa kuvunwa tuliufunga mafungu matatu, tukaazima mizani ya dukani na kuipeleka pale pale kisimani, wanawake wakiwa wanateka maji. Langu na la mwenzangu yalilingana kiasi kwamba mume wetu alitabasamu. Kisha akapima la tatu. Likayashinda yote mawili, tena kwa mbali.

Nikasema kuna mtu amelinywesha chai tuta hili. Nikamtazama mwenzangu, naye akaitazama ndoo yake. Ndipo jirani yetu mmoja, mtu mzima, akatua ndoo yake akasema bila wasiwasi kwamba ni yeye. Halafu mwingine akasema hata yeye. Ikawa kumbe karibu kila aliyekuja kuteka maji alikuwa akisuza yale madumu yetu yaliyoachwa pale, la kwangu na la mwenzangu, na mashapo yote akayamwaga katikati.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mwanangu, tulikuwa tukiona haya mawili yanapewa, hili linatazama," akasema yule mtu mzima. "Kwani limekosa nini?"

Hapa kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, hata kama alicho nacho ni muhogo mmoja. Nilikuwa nimepanga kila kitu, kivuli na kopo na wingu, nikasahau ni wapi nililipanda tuta lile, mbele ya macho ya watu.

Mume wetu aliketi juu ya ukingo wa kisima. Akasema jaribio limeharibika na yeye hana nguvu za kungoja mchicha mwingine. Atakigawa nusu kwa nusu. Sote tulijua maana yake: nusu moja itakuwa na kisima na nyingine itakuwa na ugomvi. Lakini ingekuwa sawa, na kwake sawa ilitosha.

Mwenzangu akajifunga kanga upya, ile ile niliyovaa mimi.

"Mpe dada chote," akasema. "Mimi ninao wanne wa kunimwagia maji. Yeye ni tuta la tatu."

Aliniuma. Kuitwa tuta la maji matupu na mke mwenza, hadharani, na ndoo zinajaa! Nilitaka kumjibu, na kujibu ninajua. Lakini alikuwa amenipa uzee wangu na kunitukana kwa pumzi moja, sikuona pa kushika moja nikaliacha lingine. Niliona uchungu, kisha nikaona faraja, na uchungu ulitangulia.

Mume wetu alimuuliza mara tatu kama ameridhika, maana akiridhia mwenyewe dhulma inaondoka. Mara ya tatu mwenzangu alimjibu kwa ukali. Ndipo akanigeukia akatamka hiba yake mbele ya wote wale. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimpa mmoja wetu kitu bila pacha wake. Jioni ile alikwenda kumnunulia mwenzangu doti ya kanga. Akanunua mbili.

Mume wetu bado yupo, anapumzika njiani mara nyingi zaidi. Ukarimu wa mwenzangu ilinichukua muda kuusamehe. Msimu mzima nilimwitikia salamu nusu nusu. Hakujali, alikuwa na watoto wa kupeleka shule.

Jaribio nimelirudia mara nyingi, sasa shamba likiwa langu. Napanda matuta matatu, napima kopo kwa kopo na mwenzangu na pampu yake, na madumu nasuza mwenyewe nyumbani. Mpaka leo sijui kati ya kasia na pampu kipi bora, kwa sababu tuta la maji matupu halikubali kudumaa. Wanawake wa kisimani wameapa kwamba wameacha, nami nawaamini. Asubuhi nikifika nakuta udongo wa tuta la tatu umelowa, na juu yake kuna utando mweupe wa povu lililokauka. Kasia haliachi utando. Nauchanganya na udongo kwa mkono kabla watu hawajaja kuteka maji.