Nepi Kavu Mzanini

Mwanangu alizaliwa njiti huko Muleba, na siku hiyohiyo gari la wagonjwa likatuleta Bukoba. Nilikuwa na mshono wa upasuaji, hata kuinama siwezi, kwa hiyo shughuli zote za kutembea zikawa za mama mkwe. Mama wa watu hakulalamika. Lakini alinitia hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu yeyote.

Daktari alitueleza kwamba figo za njiti hazijakomaa na zinaweza kugoma wakati wowote. Mashine ya kupima figo kwa damu ilikuwa imeharibika, na fundi, kama mafundi wote, alikuwa njiani. Ikabaki nepi. Nesi anaipima ikiwa kavu kwenye mzani mdogo, mtoto anavalishwa, ikilowa inarudi mzanini, na uzito uliozidi ndio mkojo.

"Bibi," nesi akamwambia mama mkwe, "kila akikojoa, niletee nepi niipime." Hakuongeza neno, akakimbilia mtoto mwingine.

Mama mkwe akapeleka kila nepi. Na kila nepi ikatoa uzito uleule wa nepi kavu.

Daktari akaanza kukunja uso. Akapunguza maji ya dripu ili figo zisizidiwe, kisha akataja rufaa ya Mwanza. Mwanza, kwa mtoto ambaye hata kumgeuza ubavu tulikuwa tunamwomba Mungu kwanza! Nilipomuuliza mama mkwe, alijibu, "Anakojoa vizuri tu, mwanangu waitu." Nikaona ananidanganya ili kunituliza. Mimi niliamini mzani.

Asubuhi moja mvua ilipokatika nilijikongoja hadi dirishani. Mama mkwe alikuwa kwenye nyasi nje ya wodi. Aliikamua nepi, akaitandaza juani, akawa anaigeuzageuza kwa kiganja kama anavyogeuza kahawa uani kwake. Akaigusisha shavuni, akaridhika, akaikunja.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naikausha niipeleke mzanini."

"Kwa nini uikaushe?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umekulia mjini, Miembeni. Kitu kibichi hakipelekwi mzanini. Watakurudishia mbele za watu, na aibu ni ya nyumba nzima."

Maisha yake yote alikuwa amepeleka kahawa kwenye mzani wa chama cha ushirika, na haikuwahi kurudishwa.

Nilitaka kucheka, nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, na nesi aliyepokea nepi kavu bila kushangaa, na daktari, na yule fundi wa njiani. Mtoto alikuwa amepunguziwa maji kwa sababu ya mkojo ulioishia juani! Nikasema neno ambalo halisemwi kwa mama mkwe.

"Huyu mtoto akifa, wewe ndiye uliyemwanika."

Nikajikongoja hadi kwa nesi, nikamweleza yote.

Daktari akarudisha maji ya dripu kama mwanzo. Tukasubiri. Nepi ikabaki kavu, na safari hii ilikuwa kavu ya kweli. Mama mkwe alikaa kando ya mtoto, mkono chini ya nepi. Nilimletea uji, akausukuma pembeni. Mchana ukapita hivyo. Nami nilianza kuogopa kwamba nilichosema kwa hasira kitatimia.

Jua lilikuwa limeshainama nilipomsikia anainuka. Alitoka na nepi kwenye viganja alivyovikinga pamoja, kama mtu aliyebeba maji ya kunywa, akapita katikati ya wodi akipaza sauti.

"Nesi! Mbichi! Nimeileta mbichi!"

Kina mama wote wakageuka. Nesi akaiweka mzanini, namba zikapanda, akamwita daktari. Mama mkwe hakuziangalia namba. Alikuja kusimama mbele yangu, viganja bado vimekingwa.

"Kakojoa," akasema.

Viganja vyake vilikuwa vimelowa. Hasira ilikuwa haijaniisha. Nikavishika.