Kalavati la Mteremko wa Newala

Kabla ya kurudi Newala nilifanya kazi ya reli huko bara, katika genge la kubadilisha mataruma, yale magogo na vyuma vinavyolala chini ya reli. Njia ile haikuwa na mapumziko. Treni ya abiria ikishapita tulipewa nafasi hadi treni ya mizigo ifike, na katika nafasi hiyo ilitupasa kung'oa, kupanga, kukaza na kuondoka. Tukichelewa, treni nzima ilisimama porini na watoto wakalia njaa ndani yake. Mwanzoni tulichelewa karibu kila mara.

Kisha akaja mkufunzi aliyetuketisha kando ya njia bila kushika nyundo, tuwatazame tu wenzetu wa genge lingine wakifanya kazi. Jioni akauliza, "Mmeona nini?" Tulichoona ni kwamba hakuna aliyekuwa mvivu, ila muda mwingi watu walikuwa wanangoja. Wanangoja spana, wanangoja kokoto, wanangoja amri. Tangu hapo tukajifunza kumaliza kungoja kabla njia haijafungwa.

Nilirudi nyumbani baba alipougua, na baada ya kumzika nikabaki na mama. Nikapata kazi ya usimamizi kwa mkandarasi mdogo aliyekuwa anatengeneza barabara inayoshuka kutoka Newala kwenda Masasi. Kwenye kona moja ya mteremko, kalavati la zamani, njia ya maji inayopita chini ya barabara, lilikuwa limebomoka upande mmoja. Ulikuwa msimu wa korosho, malori yanashuka yamelemewa, na mvua zilikuwa karibu. Huku ukuta wa mlima, huku korongo; pa kuchepukia hapakuwepo. Wilaya ikaturuhusu kufunga njia mabasi ya asubuhi yakishapita, tuifungue kabla ya mabasi ya mchana kuanza kupanda.

Mara ya kwanza tulishindwa. Tulichimba vizuri, lakini gari la maji likakwama bondeni, na kwetu juu maji hayapatikani kwa kugeuka tu. Mafundi wakakaa wanatazama saruji kavu. Mabasi yakafika, ikabidi tulifukie shimo lile lile. Dereva wa lori la korosho akateremka, akatusalimia kwa adabu, kisha akasema, "Nimekaa juani tangu asubuhi ili mchimbe halafu mfukie?"

Bosi wetu, mhandisi mwenye kampuni, akaenda kuomba barabara ifungwe siku mbili mfululizo. Akakataliwa; wagonjwa wa Newala wangepita wapi? Alirudi amenyong'onyea.

"Bosi," nikamwambia, "tulichopewa kinatosha. Reli hawakuwahi kutupa zaidi ya hiki."

"Hii si reli, mama."

"Si reli. Lakini basi nalo lina saa yake."

Akasema, "Haya, nionyeshe."

Nikawakusanya wote kambini, nikamuuliza kila mmoja alikuwa anangoja nini siku ile. Fundi mwashi alisema maji. Mwendesha kijiko, ile mashine ya kuchimba, alisema alingoja mtu wa kumwambia udongo aumwage wapi. Kina mama waliobeba mawe walitazamana, mmoja akasema, "Sisi tulingoja wanaume wamalize kubishana." Tukacheka wote, na kuanzia hapo kila mtu akawa na la kusema.

Tulikubaliana kumwaga zege la mabomba kambini, yakauke kabla ya siku yenyewe. Matangi yakajazwa mapema. Mawe yakapangwa ukingoni kwa namna yatakavyotumika, la kwanza likiwa karibu. Kisha tukaenda uwanja wa mpira, tukachora shimo kwa kamba, tukaifanya kazi nzima bila kuchimba, kila mtu akijua anasimama wapi na anampisha nani. Wapita njia walituuliza hiyo ni ngoma ya wapi. Tukairudia hadi hakuna aliyehitaji kuitwa.

Bosi aligoma kwenye jambo moja. Nilitaka mbao za kuvukia, machela ya mgonjwa, na magari mawili, moja kila upande wa shimo.

"Unataka tupunguze upotevu," akasema, "halafu unasimamisha magari bila kazi?"

"Kwenye reli tulijiuliza kila siku, ikija treni ya dharura tutafanyaje."

Akakubali kwa shingo upande, akaleta gari lake mwenyewe.

Siku ikafika. Basi la mwisho lilipopita tulifunga, kijiko kikaanza. Mabomba yalikuwa ndiyo kwanza yamelala shimoni nilipoona gari likishuka kutoka Newala, taa zinawaka mchana. Ndani alikuwamo mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na mama yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu hawezi kungoja. Njia iko wapi?"

"Iko hapa, mama."

Kijiko kikazimwa. Mbao zikawekwa, mgonjwa akalazwa kwenye machela, wanaume wanne wakaishika na kuvuka wakinyata. Ng'ambo, bosi alikuwa ameshawasha injini. Hakumwita dereva, aliendesha mwenyewe hadi hospitali. Nilipogeuka, mbao zilikuwa zimeshaondolewa na fundi mwashi ameinama kazini. Sikuwa nimesema neno.

Udongo ulishindiliwa jua likiwa bado juu, tukafungua njia mapema. Basi la kwanza lilipopanda, kondakta alichungulia dirishani akauliza, "Mbona walisema kumefungwa?" Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa juu ya jiwe lililobaki.

Bosi alirudi amejaa vumbi. "Amejifungua salama," akasema. Kisha akaitazama barabara, akapita juu yake kwa miguu, akarudi. Akanyoosha mkono kunipa pongezi. "Yako makalavati mengine mawili kule chini. Ni yako."

Hayakuwa yangu. Tulipokaa kupanga la pili, fundi mwashi alisema mawe yangewekwa pande zote mbili za shimo, na wale kina mama wakasema wataanzia chini badala ya juu. Nikaufuta mchoro wangu mchangani, nikampa mmoja wao kijiti achore wa kwao. Tulimaliza mapema kuliko lile la kwanza, na mvua zilipokuja maji yalipita chini, malori yakapita juu.