Nilinakili shingo ya gitaa la marehemu Ouma, nikainyoosha kabla sijaielewa

Salaam wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na shingo zenyewe ziko hapa mezani kama kuna atakayebisha.

Natengeneza magitaa hapa Nyamasaria. Tulikuwa wawili, mimi na Ouma. Yeye alishika mbao, mimi nikapiga randa. Siku hizi kazi yake inafanywa na jiliwa. Linashika vizuri kuliko yeye, lakini halina utani.

Ouma alipofariki, familia iliamua gitaa lake liende kwa kaka yake Odhiambo, mchuuzi wa samaki kule Asembo Bay. Mimi si familia.

Niliomba tu nikae nalo kidogo ninakili shingo.

Kwa wasiojua: shingo ya gitaa ina profile yake, yaani umbo la mgongo wake, kwa nyuma, na kiganja huijua kabla ya macho. Unakata kadi ya boksi, unaiweka nyuma ya shingo, unapunguza, unajaribu tena mpaka mwanga usipite katikati. Kila baada ya freti kadhaa, vile vyuma vinavyokatiza shingo, kadi yake.

Nilitaka kitu kimoja: nikishika shingo mpya, iwe kama nimesalimiana na Ouma.

Kadi zilitoka zimeegemea upande. Penye nyuzi nene pamejaa, upande wa pili umelika. Nikasema nimekosea, ni mkono wa msiba. Nikazikunja katikati, nikazikata upya pande zilingane. Ndivyo tulivyofunzwa mafundi wa mbao.

Ya freti ya tano ilionyesha kibonde, mbovu kabisa. Hiyo niliisukuma chini ya mguu wa meza unaoyumba, nikakata nyingine.

Gitaa likaenda Asembo.

Shingo mpya ilitoka safi sana. Nikaishika. Ilikuwa kama kumpa mkono mtu wa foleni ya benki.

Ndipo nikaelewa. Ouma akipiga gitaa aliweka kidole gumba pale pale miaka yote. Kibonde kile alikichimba yeye, kwa jasho lake. Kadi hazikukosea.

Nikaenda Asembo kupima upya. Odhiambo alinipokea vizuri, akaniwekea samaki na ugali, kisha akalitoa gitaa kwa furaha.

"Omera, ndugu yangu, angalia! Shingo ilikuwa na shimo kama barabara yetu hii. Nimepiga msasa, nikapaka vanishi. Kanisani wanauliza nimenunua wapi."

"Umefanya kazi safi, Bwana."

"Wewe fundi ukisema safi, ni safi. Sasa mbona huli? Ama samaki wa Asembo wamekuwa wadogo?"

Nilikula. Naye alikuwa anamtunza ndugu yake kwa njia yake.

Niliporudi nikainua meza. Kadi ya freti ya tano ilikuwa imelala pale, imebanwa, lakini ukingo wake mzima.

Nimechonga shingo nyingine kwa kadi hiyo moja. Pale kwenye freti ya tano kidole changu kinaingia alipokuwa anaweka chake. Nikisogea juu au chini, niko peke yangu. Kwa hiyo siku hizi sichezi mbali na hapo.

Funzo langu: ukikuta kitu kimepinda, uliza kwanza nani alikipinda, ndipo ushike mkasi.

Mliowahi kunakili ala ya mtu aliyeondoka, mlifanyaje? Andikeni hata kama ni refu, nitasoma yote. Karakana imetulia sana.