Fundi wa Kompyuta za Wati Kumi Anayehofia Pumzi ya Mama Yake

Ni Ijumaa adhuhuri, mtaa wa Kubba, mjini Tripoli. Wafiq Sabsabi ameweka kidole juu ya kitufe lakini habonyezi. Kwanza anatoa kichwa kwenye kidirisha cha ngazini na kupaza sauti.

"Nawasha mimi. Nani kawasha nini huko juu?"

"Washa, shemeji," anajibu Fadwa, mke wa kaka yake. "Mimi nina friji tu."

"Na pasi?"

"Pasi iko kabatini tangu jana. Unataka nikuapie?"

Hapo ndipo anapobonyeza. Kompyuta ndogo, iliyojengwa ndani ya mkebe wa bati uliowahi kuwa na vitamu, inawaka bila mlio wowote. Kipimo kinasoma wati kumi. Wafiq anashusha pumzi, kisha anageuka kusikiliza chumba cha pili. Nyuma ya pazia, mashine ya oksijeni ya mama yake, Hajjat Nazmiyya, inaendelea kukoroma.

"Kila kompyuta ninayoijaribu hapa naijaribu juu ya pumzi ya mama yangu," anasema. "Wala sitii chumvi."

Nyumba yake na ya kaka yake zinagawana laini moja ya jenereta la mtaa, ampea mbili na nusu. Mashine ya Hajjat peke yake inakula zaidi ya nusu. Zamani Wafiq, ambaye sasa ana miaka hamsini na mmoja, alikuwa akitengeneza kompyuta kubwa za mezani. Siku moja aliwasha moja, kikata-umeme kikaanguka, na mama yake akapelekwa hospitali midomo ikiwa imebadilika rangi.

"Nilitaka kuacha kazi. Lakini nikiacha, hiyo oksijeni nitailipia kwa nini?"

Basi akaanza kujiuliza kompyuta inaweza kuishi kwa umeme mdogo kiasi gani. Huchukua prosesa kutoka kompyuta za mapajani zilizokufa, akaifunga kwa bamba la alumini hadi kwenye bati la mkebe, ili mkebe wenyewe utoe joto. Feni hatumii.

"Nikiona kitu kinazunguka, nakitoa," anasema. "Kinachozunguka kinakula."

Wateja wake ni wanafunzi, wauza dawa na wafasiri, watu wanaoishi kwa jenereta kama yeye. Kila kompyuta humbakizia kama dola ishirini. Kuna wiki hauzi hata moja.

Mkewe, Hiyam, anatuletea kahawa. Kabla hatujainua vikombe, nyumba nzima inazimika.

Kompyuta inakufa. Nyuma ya pazia mkoromo unakatika, na badala yake unaanza mlio mwembamba wa kengele ya mashine. Hiyam yuko tayari kwenye mtungi wa akiba wa oksijeni, anafungua koki kwa mikono miwili.

"Wafiq, mshale uko kwenye nyekundu. Mtungi unaisha."

Wafiq anakimbilia mlangoni. Anashuka ngazi akiwa na viatu vya ndani. Kisanduku cha vikata-umeme kiko ukutani barabarani, na kimefungwa. Ufunguo anao Abu Ghazi, muuza kahawa wa pembeni, ambaye leo kibanda chake hakina mtu. Abu Ghazi yuko msikitini, na khatibu ameshapanda mimbari.

Wafiq mwenyewe haendi Ijumaa. Sheikh alimruhusu asali adhuhuri nyumbani, kwa sababu ya saa kama hii. Sasa anaingia na kupita katikati ya safu, nami mlangoni naona magoti ya watu yakimpisha. Wakati wa hotuba hasemi mtu neno, naye hasemi. Anamgusa Abu Ghazi bega. Mzee anageuka, anautazama uso wake, anatoa ufunguo mfukoni. Namfuata mbio hadi kwenye kisanduku.

Kikata-umeme kilipoinuliwa, mashine ilirudi kukoroma. Tulimkuta Fadwa ameketi kwenye ngazi, analia.

"Niliona taa, shemeji. Wallahi niliona taa."

Taa ya ngazini huwaka umeme wa serikali ukija tu, na jengo zima huitazama hiyo. Ikiwaka, kila mtu hukimbilia kufua na kuchemsha maji, kwa maana kwa umeme huo kila nyumba ina laini yake. Leo iliwaka, Fadwa akawasha hita ya maji bila kuita mtu. Kumbe asubuhi ile jirani wa chini alikuwa ameiunganisha na kipaneli chake cha jua, iwe sadaka kwa ajili ya marehemu baba yake. Hakumwambia yeyote, maana sadaka haitangazwi. Hita ikavuta laini ya jenereta, kikata-umeme kikaanguka.

"Sikulaumu," Wafiq alimwambia shemeji yake. "Hata mimi ningeiamini."

Alikaa tena mezani. Mkebe hakuugusa.

Binamu yake amempa chumba karibu na mnara wa saa, chenye paneli na betri zake. Akihamia huko, hakuna kompyuta itakayogusa tena laini ya mama yake.

"Huko nitafanya kazi bila kumhatarisha," anasema. "Lakini umeme ukikatika kama leo, nani atakimbia? Nitakuwa nimekaa kule, sijui kama anapumua."

Hajjat Nazmiyya amesikia yote. Anazungumza polepole, mpira wa oksijeni puani.

"Hamia, mwanangu. Unanitazama mno, mpaka mimi mwenyewe naogopa kupumua."

Wafiq anainamisha kichwa. Anasema ameshaamua, atahamia baada ya Idi.

"Idi ipi?" mama yake anamuuliza.